Jasho Lisilokauka: Maswali Yenu Kuhusu Kupanda Vilima Msimu wa Kaskazi

Kaskazi ikianza kuvuma Desemba, Dar es Salaam huingia katika miezi yake ya joto kali, na hali hiyo haitulii mpaka masika yashike. Barua za safari hii zimetoka Tabata, Kigamboni, Ilala na kwingineko, na nyingi ni za watu waliokwisha kuonja taabu yenyewe. Tumezifupisha zile zilizofanana.

Wahariri, salaam. Kikundi chetu cha kazini hutembea vilima vya Pugu kila mwisho wa mwezi. Safari iliyopita nilibeba lita tatu za maji nikazimaliza ndani ya saa mbili, lakini nilirudi kichwa kikigonga na nikatapika garini. Je, safari ijayo nibebe lita tano?
*Msomaji wa Tabata*

Ndugu yetu, kabla ya kuongeza chupa tuangalie kwanza maji yanafanya kazi gani. Maji unayokunywa yenyewe hayapozi sana mwili, kazi yake kubwa ni kurudishia jasho lililotoka. Kinachopoza ni jasho kukaukia juu ya ngozi: kila lita moja inayokauka huondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Jasho linalochuruzika kidevuni na kudondoka chini halijapoza kitu. Hayo ni maji na chumvi vilivyopotea bure.

Sasa itazame hewa ya Dar. Mwezi Februari mchana hufika nyuzi 32 au 33, kiwango ambacho mtu wa bara kavu hakimtishi. Lakini hewa ya pwani imejaa mvuke tayari, na ndani ya msitu upepo wa bahari hauingii vizuri. Jasho linakosa pa kwenda. Mtu anakunywa, anatoka jasho, anakunywa tena, huku joto la ndani likizidi kupanda kwa sababu misuli inaendelea kulitengeneza. Lita tano hazimwokoi anayekimbiza kilima saa sita mchana. Kinachomwokoa ni kupunguza mwendo.

Kuhusu kichwa na kutapika kwako, kuna sababu mbili zinazofanana kwa dalili na kupingana kwa tiba. Ya kwanza ni kuzidiwa na joto pamoja na upungufu wa maji: mdomo mkavu, mkojo kidogo wa rangi ya chai ya rangi, kizunguzungu ukisimama. Ya pili ni maji kuzidi chumvi. Lita tatu kwa saa mbili zinaweza kuwa nyingi kuliko figo na jasho vinavyoondoa, na hapo chumvi ya damu inazimuliwa. Huyo mkojo wake ni mweupe kama maji, vidole vimevimba hadi pete inabana, tumbo limejaa na linacheza. Ukimpa maji zaidi unamsukuma kwenye hatari. Aache maji, ale kitu cha chumvi, na akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege apelekwe hospitali mara moja.

Kipimo cha kutembelea ni hiki: robo lita kila dakika 20, yaani kama robo tatu ya lita kwa saa. Mtu mwembamba anayetembea taratibu humtosha nusu lita. Hata kiu ikuume vipi, usipitishe lita moja na robo kwa saa. Kwa matembezi ya saa nne beba lita tatu, pamoja na lita moja ya akiba ambayo haiguswi mpaka mwonane na barabara.

Ukitaka kujua mwili wako hasa, jipime kwenye mizani kabla ya kutoka na baada ya kurudi, umejifuta jasho na umevaa nguo zilezile chache. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ambayo hukuirudisha. Mtu wa kilo 70 akipungua kilo moja au zaidi kidogo, hana tatizo. Ukikuta umeongezeka uzito, jibu la kichwa chako umelipata.

Chumvi nayo isisahaulike mkizidi saa mbili njiani. Karanga za chumvi, viazi vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi au embe bichi la chumvi na pilipili vinatosha kwa wengi. Anayetoka jasho linaloacha chaki nyeupe kwenye fulana aongeze ORS. Soma pakiti: nyingi ni za lita moja kamili. Kosa la kila siku ni kuimimina yote kwenye chupa ndogo ya nusu lita. Inakuwa chumvi tupu, inaleta kiu na kichefuchefu. Ikikosekana pakiti, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kurundika. Onja: isizidi chumvi ya machozi.

Tunaondoka alfajiri kukwepa jua, lakini saa moja tu asubuhi tumeshalowa chapachapa. Kuna faida gani basi ya kuamka usingizini?
*Mwalimu, Gongo la Mboto*

Faida ipo kubwa, Mwalimu, ila si ile wengi wanayoidhani. Alfajiri ndiyo saa ya unyevu mkubwa kuliko zote, kwa hiyo kulowa hakuepukiki. Mnachokwepa ni mzigo wa jua lenyewe, ambalo hupasha ngozi na ardhi juu ya joto la hewa. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Oktoba na siku za mwanzo za Machi. Ile ya Machi huangukia ndani ya joto la kaskazi. Utosini kwetu jua linafika kama saa sita na nusu, na hewa inaendelea kupata moto hata baada ya hapo.

Saa ya kugeuka ni muhimu kuliko saa ya kuanza. Wekeni saa nne asubuhi kuwa mwisho wa kupanda, popote mtakapokuwa, na saa tano muwe kivulini au kwenye gari. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na watu hupoteza saa nzima ya ubaridi wakisubiri kibali mlangoni. Malizeni mambo ya kibali siku moja kabla.

Mwendo wa kilimani upimwe kwa mdomo. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi, umezidisha. Mapumziko ni dakika kumi kila saa, kivulini, begi likiwa chini ili mgongo upate hewa. Watu hukaa na begi mgongoni kana kwamba litaibwa.

Jambo jingine ambalo vikundi vya maofisini havilifikirii: mwili hujifunza joto. Ukitembea jioni saa kumi kwa saa moja hivi, karibu kila siku, baada ya wiki moja hadi mbili jasho linaanza mapema, linakuwa jingi na lenye chumvi pungufu, na moyo haupigi kwa kasi kama mwanzo. Anayeshinda kwenye kiyoyozi Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi anaingia mlimani, hana kinga hiyo. Ukikaa wiki tatu bila kutembea juani, sehemu kubwa ya mafunzo inakuwa imekwisha, anza upya.

Navaa hijabu, na rafiki zangu wananiambia nitazimia. Pia wanabishana: jezi au fulana ya pamba?
*Mwanafunzi wa chuo, Ubungo*

Dada, hijabu si tatizo. Tatizo ni kitambaa kinachobana na tabaka juu ya tabaka. Chagua moja, jepesi, la rangi ya kung'aa, liwe pana shingoni ili hewa ipite, na uache ile kofia ya ndani ya kubana. Nguo pana yenye mikono mirefu hupunguza jua linalofika kwenye ngozi, ndiyo maana watu wa majangwani hujifunika badala ya kujivua.

Kwenye ubishi wa kitambaa kila upande una haki kidogo. Jezi hukauka haraka penye upepo, na haizidi uzito ikilowa. Pamba hushika maji. Kwenye joto la Pugu hilo si hatari kwa ubaridi, lakini inachubua makwapa na mapaja, na ukipanda milima ya juu inageuka barafu mgongoni. Tungechagua jezi pana. Jinzi iache nyumbani.

Kanga usiikose. Ilowanishe uiweke shingoni, itumie kujipepea, ikunje iwe ngata, itande chini, na akianguka mtu ndiyo ya kwanza kufanya kazi, kama utakavyoona hapa chini. Kofia iwe ya pama yenye ukingo mpana pande zote, maana kofia ya mbele tu inaacha shingo na masikio. Na kwenye njia zisizo na miti mwavuli ni kivuli kizuri kuliko vyote, hata kama wenzako watacheka.

Miguu: paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisiginoni, vaa soksi za kitambaa kinachokauka, chukua jozi ya pili ubadilishe mnapopumzika. Lengelenge huanza kama sehemu yenye moto. Bandika plasta hapo hapo, usisubiri livimbe.

Mwenzetu alianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka. Wengine walisema tumpe maji na panadol, wengine tumkimbize kwenye bodaboda. Tulifanya yote mawili. Tulikosea?
*Kijana, Kigamboni*

Yote mawili yana kasoro, na hapa tutakaa kidogo.

Kuyumba na maneno ya ovyo ndiyo mstari wa mpaka. Mtu aliyechoka na joto ana kichwa, kichefuchefu, jasho jingi na udhaifu, lakini akili iko sawa. Huyo alazwe kivulini, miguu iinuliwe, anyweshwe kidogo kidogo, na ndani ya nusu saa awe anaendelea vizuri. Akili ikiyumba, joto la ndani huenda limefika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo, ini na figo vinaanza kuungua. Muulize: jina lako nani, leo siku gani, tumepita wapi? Akikosa jibu, akawa mkali bila sababu, akaanguka au akapata degedege, hesabu kuwa ni dharura ya kufa na kupona. Usidanganywe na ngozi. Wengi wamefundishwa kwamba mgonjwa wa joto huwa mkavu, lakini anayeugua akiwa anatembea mara nyingi bado ametota jasho.

Kanuni ni poza kwanza, safirisha baadaye. Kila dakika anayokaa na joto hilo inaharibu, na safari ya kwenda hospitali kwa foleni zetu unaijua. Mmoja apige simu 112, wengine waanze kazi. Mlazeni kivulini, mvueni viatu na nguo za juu. Mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma, na watu wawili wampepee kwa kanga au kipande cha boksi. Maji bila upepo kwenye hewa yetu yanasaidia nusu tu. Maji ya akiba yote yamwagwe juu ya mwili wake. Mkiwa karibu na nyumba au duka, tafuteni madumu ya maji na barafu za mifuko.

Njia yenye nguvu zaidi ni kumtia kwenye maji baridi hadi shingoni. Bila beseni, turubai linatosha: mlazeni katikati, watu wanne wainue kingo liwe kama mtumbwi, mwingine amwage maji na barafu ndani na kuyakoroga, na mmoja asimamie kichwa kisizame. Mpozeni mpaka aanze kutetemeka au kujibu maswali vizuri. Kwa maji ya barafu hiyo ni kama robo saa. Akiamka vizuri bado anakwenda hospitali, kwa kuwa madhara ya figo na misuli hujitokeza baadaye. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea ni ishara yake.

Panadol haifanyi kitu hapa. Homa ya malaria hupanda kwa amri ya ubongo, na dawa huibadilisha amri hiyo. Hili ni joto la misuli na jua, halina amri ya kubadilishwa. Dawa nyingine za maumivu, kama aspirini, zinaweza kuongeza madhara. Maji ya kunywa kwa mtu asiyejitambua yanaingia mapafuni, kwa hiyo asinyweshwe kabisa. Mlazeni ubavu akitapika. Na bodaboda, mgonjwa akiwa mshikaki kati ya wawili, anaendelea kupikwa na miili ya wenzake na akilegea anaanguka. Tafuteni gari, vioo wazi, na kumwagia kuendelee njiani.

Anayeanguka mara nyingi si mnyonge wa kikundi. Ni kijana mwenye nguvu asiyetaka kuachwa nyuma. Asiye na pumzi hupunguza mwendo mwenyewe.

Nina miaka 63, natumia vidonge vya presha. Wanangu wananialika kupanda kilima nao. Niende?
*Mzee, Ilala*

Shikamoo mzee wetu. Kwenda inawezekana, ila baadhi ya dawa za presha hubadilisha hesabu. Zile za kukojosha hupunguza maji na chumvi mwilini hata kabla hujaanza kutoka jasho. Zile zinazopunguza mapigo ya moyo, kama atenololi, huzuia moyo kupeleka damu ya kutosha kwenye ngozi kutoa joto, na pia hufanya kuhesabu mapigo kusiwe kipimo cha kuaminika. Tumia kile kipimo cha sentensi. Dawa za mafua na mzio kama Piriton hupunguza jasho, hivyo usizimeze siku hiyo bila ulazima. Usiache kidonge cha presha kwa uamuzi wako. Nenda na pakiti zako kwa daktari umwulize swali moja: nitatembea juani saa mbili, nibadilishe muda au kipimo? Chumvi ya ziada na ORS, ambavyo tumewashauri vijana, kwako ni mpaka daktari aseme. Na wanao watembee kwa mwendo wako, si wewe kwa wao.

Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi. Naweza kuendelea na matembezi yangu nikiwa nimefunga?
*Msomaji wa Temeke*

Kilima, hapana. Robo tatu ya lita kwa saa uliyosoma hapo juu huna pa kuipata hadi magharibi, na upungufu wa mchana mzima unajumlishika. Tembea tambarare mwendo mdogo kwa nusu saa ya mwisho kabla ya adhana, karibu na nyumbani, ili ukifika unafuturu. Au toka baada ya tarawehe. Kati ya futari na daku gawa lita mbili na nusu hadi tatu, usizimwage zote wakati wa daku. Nyingi zitatoka kwa mkojo kabla ya saa tatu asubuhi.

Tunapanga kwenda Morogoro kwa treni ya SGR tupande kilele cha Lupanga, milima ya Uluguru, na kurudi siku hiyo hiyo. Kule ni baridi, si maji kidogo yatatosha?
*Kikundi cha vijana, Kimara*

Juu ni baridi kweli: kila mita 1,000 mnazopanda, hewa hupoa kama nyuzi sita, na Lupanga inapita kidogo mita 2,100. Lakini miteremko ya chini ya Uluguru ni mashamba yasiyo na kivuli, na mteremko ule ni mkali. Misuli hutengeneza joto jingi hapo kuliko mahali popote Pugu. Halafu mkifika kwenye ukungu mmelowa, mnatetemeka. Bebeni koti jepesi la mvua na fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwenda na kurudi siku moja hatuupendi mpango huo. Hata mkipanda treni ya alfajiri, mpaka mshuke, mpate usafiri, mlipie kibali na kumpata mwongoza njia, jua limeshapanda na sehemu ya mashamba mnaikuta kwenye moto wake. Laleni Morogoro, muanze kabla ya mapambazuko.

Maji ya vijito yanaonekana safi lakini juu yake kuna mashamba na watu. Yachemsheni, au tumieni vidonge vya kutakasa na msubiri dakika 30. Angalieni ukubwa: kuna kidonge cha lita 20 na kuna cha lita moja. Cha lita 20 kwenye chupa moja hakinyweki.

Kwa ufupi

*Dafu linatosha badala ya ORS?* Lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo hasa inayotoka na jasho. Kunywa dafu, tafuna na karanga za chumvi.

*Bia mbili mkishuka?* Baada ya kula, kunywa maji na kukojoa mkojo mwepesi. Kabla ya kupanda, au usiku wake kwa wingi, hapana.

*Mtoto wa miaka sita?* Matembezi ya asubuhi yasiyozidi muda wa saa moja na nusu, njia yenye kivuli, anyweshwe kila dakika 15 bila kusubiri aombe. Mtoto akiwa kimya ghafla au akitaka kubebwa, safari imekwisha. Usimwache ndani ya gari lililofungwa hata dakika tano mkienda kulipia kibali.

*Nimetoka msituni Jumamosi, Jumapili nina homa. Ni malaria ya kule?* Mbu aliyekuuma Jumamosi hawezi kukupa homa Jumapili. Vijidudu huhitaji kama siku saba au zaidi kabla ya kuonyesha dalili. Lakini huenda ni malaria uliyoambukizwa mjini wiki zilizopita ikajitokeza sasa. Homa ya baada ya kupumzika usiku mzima haitokani tena na jua. Pima siku hiyo hiyo.